Nilifagia Mahali Patupu

Kila mwaka mvua zikikatika, kabla vumbi la kiangazi halijawa jingi, nilikuwa ninachukua fagio langu na unga kidogo ndani ya kikopo, ninapanda pikipiki ya taksi mpaka kambi ya zamani ya wafanyakazi, kule Dilala, mjini Kolwezi, kwenda kumfagilia mama yangu. Mama alikuwa amelala katika lupango ya watu. Ninasema lupango, yaani uwanja wa nyumba, nyuma ya jiko. Hakuzikwa makaburini kwa sababu mwaka ule alipokufa, makaburini hapakufikika. Watu wenye bunduki walikuwa wameingia mjini kutoka upande wa mpaka, kisha wakaja wengine wenye bunduki kuwafukuza, na katikati yao tulikuwa sisi, chini ya vitanda.

Mama hakupigwa risasi. Alikuwa na homa ya tumbo, dawa haikupatikana, akafa asubuhi nikiwa nimemshika miguu. Mume wangu na jirani mmoja walichimba nyuma ya jiko, haraka, wakiwa wameinama. Hatukumlilia. Sauti ya kilio ingewaleta wale watu mlangoni. Nilijaza kitenge mdomoni nikakiuma mpaka fizi zikatoka damu. Tulimviringisha katika shuka, nikamwekea kifuani birika lake, tukasawazisha udongo juu, na mume wangu akatandaza majani ya mahindi ili isionekane kwamba pamechimbwa.

Jioni ile ile tukakimbia kwa miguu, tukifuata reli, mpaka Mutshatsha. Tulikaa huko miaka mingi, tukiuza makaa. Niliporudi Kolwezi nilikuwa mjane, jirani yule naye alikuwa amekufa, na nyumba yetu ilikuwa ya watu wengine. Tena kambi ilikuwa imebadilika sura: rangi mpya, mabati mapya, kuta zimejengwa kati ya nyumba na nyumba. Lakini sisi watoto wa kambi hatukujua njia nyingine ya kutafuta nyumba. Zote zilikuwa zinafanana kama matofali. Namba zilikuwa za wazungu. Sisi tulielekezana kwa robine, bomba la maji la mstari. Mtu akiuliza, unamwambia: simama pa robine, hesabu upande jua linapozamia, nyumba ya nne. Basi nilisimama pa robine, nikahesabu, nikagonga mlango wa nne.

Aliyefungua alikuwa mama mmoja, watu wake ni wa Sandoa. Nilimweleza. Hakubisha hata kidogo. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko, akasema, "Mama, ni pako. Kuja wakati unapenda." Tangu siku ile hakupanda muhogo pale, hakuanika nguo pale, hakumwaga maji ya vyombo pale. Watoto wake walikua wakijua kwamba pale hapakanyagwi. Mimi ninafagia, ninanyunyiza unga, ninaongea na mama kidogo, kisha yule mama ananiletea kiti na chai.

Majina ya watu wa mstari wetu ninayajua yote, ya akina baba, ya akina mama, hata ya mbwa wao. Hapa siyaandiki. Wenye majina hayo wana wajukuu, na wajukuu ndio wenye haki ya kuyasema.

Ni kwa ajili ya majina hayo waliniita kwenye programu. Mtaa ulikuwa umeanzisha programu ya historia kwa vijana, Jumamosi mchana, katika sala, yaani ukumbi, ya zamani ambamo wafanyakazi walikuwa wanachezea dama. Mwalimu kijana, msichana wa hapa hapa, alikuwa anatafuta wazee wa kusimulia mambo ya wakati wa Wabelgiji, mambo ya uhuru, mambo ya vita. Nilimwambia shule yangu ni ya kufuma tu. Akacheka. "Nkambo, ndiyo, njo ile tunatafuta."

Nkambo ni bibi. Huku kwetu hata asiye mjukuu wako anakuita hivyo, na ukiitwa hivyo huwezi kukataa.

Nikawasimulia habari ya madamu. Kila juma madamu, mwanamke wa kizungu wa kampani ya machimbo, alipita nyumba kwa nyumba kukagua usafi. Anapitisha kidole juu ya kabati. Anafunua sufuria. Kijana mmoja akaniuliza, "Nkambo, alikuwa anafungua hata kitanda yenu?"

"Hata kitanda. Hata kichwa ya mutoto, anatafuta chawa."

"Na tata yenu, baba mwenyewe, alikuwa anaangalia paka vile, anaangalia tu?"

"Tata alikuwa ku kazi. Na kama angekuwa pale, angetoa kofia."

Niliona vijana wanatazamana. Wanakaa katika nyumba zile zile, wanafunga milango ile ile, na hawakuwa wamesikia kamwe kwamba ilifunguliwa namna ile. Mwalimu alikuwa ameacha kuandika. Ili nisiwaache na uso ule nikawaambia habari ya kitambaa cha meza. Mama yangu alishona kitambaa kimoja, kizuri sana, chenye maua. Madamu akiwa sebuleni kwa jirani wa kwanza anakisifu, kisha akitoka kwa mbele, sisi watoto tunakivuta mezani, tunatoka nacho kwa jikoni, tunaruka uani, tunakitandika nyumba inayofuata kabla hajafika. Mstari mzima ulikuwa na kitambaa kimoja. Madamu alisema hajawahi kuona wanawake wenye kushona kwa mkono mmoja namna ile.

Vijana walipiga meza kwa kucheka. "Madame alikuwa kipofu!"

"Hakuwa kipofu," nikasema. "Hakuwa anatuangalia sisi. Alikuwa anaangalia meza."

Mwishoni madamu alimpa mama zawadi ya nyumba safi: birika la enameli, jeupe, lenye ukingo wa bluu. Mama alilipenda na kulichukia. Wageni wakilisifu, anasema, "Hii njo malipo ya kidole ya madame mu sufuria yangu." Mkono wa birika ulivunjika mwaka wa uhuru, watu wakicheza ndani ya nyumba yetu mpaka kabati ikaanguka. Baba akaufunga kwa waya wa shaba, waya aliotoka nao kazini ndani ya kiatu. Aliuzungusha, akaupiga nyundo ukalala kama nywele zilizosukwa. Birika hilo ndilo nililomwekea mama kifuani.

Juma lililofuata mwalimu alitaka tutembee. Vijana waone mahali penyewe: sala, mahali pa kugawia posho, robine, na mwishoni, kama ningeruhusu, mahali pa mama. Nikaruhusu. Tulikuwa kundi zuri, na pamoja nasi mzee mmoja wa familia ya wafanyabiashara Waislamu, watu waliotoka mashariki zamani. Baba yake alikuwa na duka dogo katika mstari wetu, la chumvi na sabuni, naye alizaliwa nyuma ya duka hilo. Sote tunamwita Haji. Tumejuana tangu tukiwa na meno ya maziwa, na mpaka leo tunataniana.

Nikawasimamisha vijana pa robine. "Hapa," nikasema, "mama zetu walikuwa wanapanga ndoo tangu asubuhi. Kutoka hapa munahesabu..."

"Mama," Haji akanikata, "unawadanganya batoto ya batu."

"Haji, usianze."

"Hii robine ni ya juzi. Baliiweka kisha vita kuisha. Bomba ya zamani ilipasukaka, bakaleta ingine huku juu. Ile yetu ilikuwa kule chini, pembeni ya duka ya tata."

Nilicheka. Nilimwambia uzee umemwingia. Lakini yeye hakucheka. Alishuka barabara polepole, sisi nyuma yake, akapita nyumba kadhaa, akasimama karibu na ukuta ulioanguka nusu. Akaanza kusugua mchanga kwa ndala. Saruji ikatokea. Akaendelea kusugua, nayo ikawa pana, na ukingo wake ukatokea, na ukingo huo ulikuwa umelika katikati kama mgongo wa tandiko.

Nikainama. Magoti yangu hayapendi kuinama lakini yaliinama yenyewe. Nikaweka kiganja pale palipolika. Hapo tulikuwa tunanoa visu, wanawake wote wa mstari, tukingojea zamu ya maji. Mkono wangu ulipajua kabla mimi sijapajua. Kisu changu mimi mwenyewe kilikula saruji ile.

"Mama?" Haji akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unahesabu kutoka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole robine ya juu. Niliona fagio langu, miaka yote ile. Niliona unga. Niliona mambo niliyomwambia mama pale chini: kifo cha mume wangu, harusi za watoto, yule mtoto aliyepotea Angola, siri za nyumba ambazo sikumwambia mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimeyaambia udongo wa watu wa Sandoa. Mimi ninayesifiwa kwa kukumbuka! Ninaweza kukuambia mbwa wa nyumba ya sita aliitwaje, na mama yangu nimempoteza kwa sababu ya bomba la maji.

Habari ilikimbia kuliko sisi. Yule mama wa Sandoa alitoka na mikono yenye unga wa bukari, ugali wetu, akashika kiuno.

"Nkambo, balisema nini? Pale kwetu haina mutu?"

"Haina, mama. Nisamehe."

"Haina mutu!" Akageuka huku na huku kama anayetafuta shahidi. "Bwana yangu alitaka kuchimba kabine, choo, pale. Nilimukataza! Kabine yetu iko mbali, ku mwisho ya lupango, mvua yote tunalowana paka juu ya heshima. Miaka yote! Na haina mutu!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha sote tukacheka, hata mimi, cheko baya lenye kutetemeka. Kisha yule mama akaacha kucheka ghafla, akanishika bega. "Basi eko wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa limebaki. Tukasimama pa saruji ya zamani. Tukahesabu upande jua linapozamia. Sikuhesabu mimi, niliwaachia vijana, mimi sikujiamini tena. Nyumba ya nne ilikuwa ile yenye turubai la bluu lililofunika dirisha na nusu ya uwanja.

Kila mtu wa Kolwezi anajua turubai kama lile maana yake nini. Chini yake kuna shimo. Watu wanachimba mawe yenye madini ndani ya vyumba vyao, chini ya vitanda vyao, wanayatoa kwa mifuko. Siwahukumu, njaa ninaijua. Lakini nilisimama pale mlangoni nikasikia kwenye nyayo zangu, sisemi masikioni, kwenye nyayo: du, du, du. Mtu alikuwa anagonga chini ya ardhi, na mlio ule ulikuwa unaelekea nyuma ya jiko.

Mama kijana akatoka, mtoto mgongoni. Aliona kundi, aliona mwalimu na karatasi zake, akadhani ni watu wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa.

"Bwana haiko," akasema.

"Na huyu anagonga chini ni nani?" Haji akamwuliza. "Panya?"

"Haina mutu anagonga."

Du, du.

Mwalimu alimweleza taratibu kwamba sisi si watu wa kukamata, ni programu ya historia, na huyu nkambo alizaliwa katika nyumba hii. Yule mama kijana akalegea kidogo. Akatukaribisha uani. Haji alikuwa na vumbi la saruji mikononi na miguuni, akasema, "Mwana, tusaidie maji ya kunawa." Basi yule mama kijana akaingia jikoni kama mtoto aliyefundishwa adabu, akatoka na maji, akainama kummiminia Haji.

Alikuwa anamimina kutoka birika la enameli. Limebanduka, lina kutu tumboni, ukingo wa bluu umebaki kipande. Na mkono wake ulikuwa umefungwa kwa waya uliogeuka kijani, umezungushwa, umelazwa kwa nyundo kama nywele zilizosukwa.

Wananiambia nililichukua tu mkononi mwake, maji yakanimwagikia kitenge. Nakumbuka uzito wake. Nakumbuka kidole gumba changu kimekaa pale pale kilipokuwa kinakaa nikiwa msichana. Birika hili nililiweka mwenyewe juu ya kifua cha mama. Kama liko juu ya ardhi, mama yuko wapi?

"Umelitoa wapi?" nikamwuliza. Akaanza kulia hata kabla hajajibu.

Hapo nikafungua mdomo. Kilio nilichokiuma mwaka ule wa vita, nilidhani kimekufa ndani yangu. Hakikuwa kimekufa. Kilitoka kwa sauti ambayo mimi mwenyewe ilinitisha, sauti ya mwanamke kijana, nikamwita mama yangu kwa jina lake la kwao Kasai, nikavua viatu, nikakaa chini katika udongo wa lupango ile.

Huku kwetu kilio hakiulizwi. Mwanamke akilia hivyo, anayesikia anakuja, atauliza baadaye. Wakaja. Mama wa Sandoa alikuwa wa kwanza, akakaa kando yangu akalia kama mama ni wake, na kwa kweli alikuwa amemlinda kuliko mimi. Wengine wakaja na mikeka, mmoja na kuni kichwani, wanaume wakaanza kupanga viti pembeni mwa ukuta. Vijana wa programu hawakujua wasimame wapi, mwalimu akawaambia wakae chini, wakakaa.

Na lupango yenye kilio haifanyiwi kazi. Hata nguo hazifuliwi. Du, du ikanyamaza. Turubai likainuka, kikatoka kichwa chenye taa, chekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Mama yangu," nikasema.

"Pole, nkambo. Lini?"

"Mwaka ya vita."

Alinitazama, akatazama birika mapajani mwangu, akamtazama mke wake. Akakaa pale pale kwenye mdomo wa shimo. Alizima taa ya kichwani, kana kwamba ndiyo kofia ya kuvua.

"Tulimupata," akasema. "Mbele ya mvua kuanza. Tulikuta birika, kisha kitambaa, kisha... Nikaambia benzangu, tusiguse. Tukafunga na udongo, tukageuza njia. Paka birika njo nilitoa. Bibi yangu huyu aliiosha, alisema iko muzima. Niliogopa kusema, nkambo. Kama ningesema kuna mutu, komini ingekuja, ingeona shimo."

"Mulimugusa?"

"Hapana."

"Kichwa yake?"

"Nkambo, naapa. Eko vile mulimulaza."

Nilimwamini, na bado nilimpiga. Nilimpiga kofi moja begani, vumbi likaruka, watu wakanishika. Hakujikinga. Kisha nikamwambia atanitolea mama yangu, yeye na wenzake, kwa sababu wao ndio wanaojua njia ya chini.

Wakamtoa kesho yake, asubuhi, kwa mikono, bila sururu. Sikuruhusiwa kuangalia shimoni. Nilitandika kitenge kipya, na walichonipa juu yake kilikuwa kidogo sana. Hilo nalo lilinishtua, ingawa nilikuwa nimejiambia usiku kucha kwamba kitakuwa kidogo. Mama alikuwa mwanamke mrefu.

Mwalimu akanijia kwa aibu. Aliuliza kama birika lingeweza kukaa mezani kwenye maonyesho ya programu, watu walione. Nikafikiri. Nikamwambia vijana walishike sasa, mmoja mmoja, waguse waya wa babu yao, kisha basi. Wakalipitisha mkono kwa mkono. Yule kijana aliyeniuliza habari ya kitanda alilishika kuliko wengine, akapitisha kidole juu ya mfuniko, akakitazama kidole, akakificha nyuma ya mgongo.

Tulimpeleka makaburini, mahali alipo baba. Birika likarudi kifuani pake. Haji alitupa udongo wa kwanza kwa sababu bila yeye ningekufa ninafagia uwanja wa watu, na mimi ningezikwa nikidhani nimemtunza. Wazo hilo mpaka leo likinijia nikila, ninaweka kijiko chini.

Siku kilio kilipokwisha, mama wa Sandoa alinisindikiza barabarani. Alitembea akinitazama, kisha akitazama chini, nikajua ana jambo.

"Nkambo," akasema, "usikasirike. Sasa ile kabine, tunaweza kuchimba?"

"Chimbeni, mama."

"Kweli?"

"Kweli. Lakini ngoja kwanza."

Tukarudi hadi kwake. Niliomba fagio lake, maana langu sikuwa nalo. Mambo yangu yote yako pale, miaka yote niliyosema, na sikutaka yachimbwe yakiwa machafu. Nikafagia vizuri, kuanzia jikoni mpaka ukutani, yeye amesimama amebeba kiti, hajui akiweke wapi.